Bwanaheri na Maswali Matatu ya Chatu

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma, midomo imeshonwa? Paukwa!

— Pakawa!

Nije na ya kweli au nije na ya uongo?

— Njoo na yoyote, tutaichambua wenyewe!

Haya, kunjeni miguu. Na wewe uliyeegemea nguzo, usije ukalala halafu kesho ukaniuliza iliishaje.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikia, palikuwa na mji ukiitwa Mivumoni. Mji ulikuwa na chemchemi moja, chemchemi ilikuwa na pango moja, na pango lilikuwa na Chatu mmoja. Chatu huyo alikuwa mkubwa. Akijikunja, pango linajaa. Akijinyoosha, mkia umebaki pangoni na kichwa kimefika kwenye tete za kuchongea kalamu, ng'ambo ya maji.

Chatu hakuwa mbaya. Msinitazame hivyo, hakuwa mbaya. Alikuwa na njaa tu, na alikuwa na desturi. Desturi yake na watu wa Mivumoni ilikuwa hivi: kinachopita njiani kwake, anakimeza. Lakini alichokimeza hukaa tumboni siku tatu kizima, hakisagiki wala hakiumii, kama nguo ndani ya sanduku. Katika siku hizo tatu mwenyewe ana ruhusa ya kuja kukidai, mara moja kwa siku, kabla jua halijafika utosini. Akija, Chatu humuuliza maswali matatu, yale yale, hazidishi wala hapunguzi:

"Chako kipi? Utakijuaje? Kilifikaje njiani kwangu?"

Ukimjibu akakuelewa, anakohoa, unachukua chako unakwenda zako. Asipokuelewa, njoo kesho. Ukimwambia uongo, basi, usije tena.

Mzee Pandu aliwahi kumezewa mbuzi. Akaenda.

"Chako kipi?"

"Mbuzi."

"Utamjuaje?"

"Mweupe, sikio la kulia limechanika."

"Alifikaje njiani kwangu?"

"Nilisahau kumfunga."

Chatu akakohoa. Mbuzi akatoka, akajikung'uta, akaanza kula majani. Mzee Pandu akasema ahsante, Chatu akasema karibu tena. Na mambo yakawa hivyo miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyelalamika isipokuwa mbuzi.

Sasa katika mji huo alikuwapo mjane mmoja, Bi Kidawa, na mwanawe wa pekee, Bwanaheri. Bi Kidawa alikuwa mpika maandazi. Bwanaheri alikuwa mwenye elimu. Alikwenda kusoma mji wa mbali miaka saba, akarudi na masanduku matatu ya vitabu, na kilemba, na namna ya kusema ambayo Mivumoni haikuwa nayo. Elimu aliyoisoma ni elimu ya ufasaha. Ukimuuliza ufasaha ni nini, alikuwa tayari kukupa maana yake kwa njia kumi na nne, na ukifika ya kumi na nne umeshasahau uliuliza nini.

Akitaka chumvi, hasemi chumvi. Husema, "Kile cheupe, mtoto wa bahari na jua, ambacho mchuzi ukikikosa hujuta." Bi Kidawa anampa chumvi. Mama huelewa.

Watu wa Mivumoni walimheshimu sana. Hawakumwelewa, lakini walimheshimu, na mara nyingi haya mawili huenda pamoja. Wazee walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba Bwanaheri ndiye atakayewafundisha watoto wao adabu, akimaliza tu kitabu chake. Maana alikuwa akiandika kitabu juu ya tabia njema.

Basi siku moja asubuhi, Bwanaheri amekaa barazani anaandika. Amefika mlango wa saba, uitwao Haki za Mama juu ya Mwanawe. Ameandika, "Na katika adabu za mwana ni kutomwinua mama yake alipoketi, wala kum..." Kalamu ikavunjika.

"Mama!"

"Naam, baba."

"Kalamu imevunjika. Nenda chemchemini ukanikatie tete. Iwe iliyonyooka."

"Goti linaniuma leo, baba. Siwezi kwenda alasiri, jua likipoa?"

"Mama, niko katikati ya sentensi."

Hakuinua kichwa. Bi Kidawa akajifunga kanga, akachukua kisu, akashika njia, huku akiweka mkono ukutani mpaka ukuta ulipokwisha.

Adhuhuri ikafika, hajarudi. Alasiri ikafika, hajarudi. Ndipo akaja Bi Mboja, jirani yao, mbio mbio, mtandio mkononi.

"Bwanaheri! Makubazi ya mama yako yako chemchemini, na mama yako hayupo! Chatu amemmeza!"

Moyo ukampasuka Bwanaheri. Alimpenda mama yake. Hilo nalisema wazi, maana naona nyuso hapa zimeshamhukumu. Alimpenda sana. Ila hakuwahi kulisema jambo hilo kwa maneno machache, na kwa maneno mengi alikuwa bado anatafuta kalamu.

Siku ya kwanza. Bwanaheri akavaa kanzu, akapiga kilemba, akaenda pangoni. Chatu akatoa kichwa.

"Karibu. Chako kipi?"

Bwanaheri akakohoa kidogo, akanyanyua mkono, akaanza. "Ewe mwenye mzunguko usio mwanzo wala mwisho! Ewe mwenye vazi la magamba ambalo fundi wake hajulikani! Ewe jirani wa maji, mlinzi wa kivuli..." Alimtaja kwa majina arubaini. Akataja ukoo wake. Akaomba radhi kwa sababu ulimi wake ni mfupi. Kisha akaomba radhi kwa kuomba radhi.

Mle tumboni ikatoka sauti, imefifia lakini ni ile ile. "Bwanaheri! Ndiye wewe? Umekula?"

"Mama, tafadhali," alisema Bwanaheri, "niko kwenye utangulizi."

Chatu akangoja. Alikuwa na subira, hana pa kwenda. Jua likapanda. "Majina ni mazuri," akasema, "nitajitahidi kuyakumbuka. Chako kipi?"

"Nimekuja kulitafuta shina ambalo mimi ni tawi lake!"

Chatu akafikiri. Akajipapasa tumboni kwa ncha ya mkia, toka shingoni hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. "Sina mti," akasema. "Nina bata wawili na bibi mmoja. Mti sikumeza."

"Si mti kwa maana ya mti. Ni mti kwa maana ya..."

Jua likafika utosini. "Njoo kesho," akasema Chatu, akaingia ndani.

Bwanaheri akarudi mjini, kichwa chini. Bi Mboja alikuwa mlangoni anamngoja, na alipomsikia alivyosema akashika kiuno.

"Mwanangu, sema mama. Neno lenyewe fupi. Hata mtoto mwenye meno mawili analiweza."

"Ndiyo sababu, Bi Mboja. Kila mtu analiweza."

"Na kila mtu anaye," akasema Bi Mboja. "Wewe unaye siku mbili tu zilizobaki."

Siku ya pili. Bwanaheri akaazima punda, akampakia vitabu, akaenda. Chatu akatoa kichwa, akamtazama Bwanaheri, akamtazama punda, akammezea mate punda.

"Karibu. Chako kipi?"

Bwanaheri akafumba macho. Neno akalitoa kama mtu anayetoa mwiba wa samaki, maana hakuwahi kulitumia peke yake ila anapotaka kitu. "Mama," akasema.

"Ah," akasema Chatu. "Sasa tunaelewana. Utamjuaje?"

Bwanaheri akafurahi, akafungua kitabu kikubwa kuliko vyote. "Mama ni yule aliyebeba kabla hujabebeka, akalisha kabla hujaomba, akakesha ili wewe ulale. Mapenzi yake ni..." Akasoma kurasa tisa. Zilikuwa kurasa nzuri, sitaki kusema uongo. Punda alisikiliza. Chatu mwenyewe akatikisa kichwa mara mbili.

"Ni kweli," akasema Chatu. "Hata mimi mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Lakini mama yangu hayumo humu. Nakuuliza huyu wako. Siku aliyotoka nyumbani alijifunga kanga gani?"

Bwanaheri akakifunga kitabu.

"Goti linalomuuma ni lipi?"

Bwanaheri akamtazama punda.

"Ana kovu mkononi. Mkono upi, na la nini?"

Bwanaheri akafungua kitabu. Akakifunga. Ameishi na mama yake utoto wote, tena mwaka mzima tangu arudi, anakula mkononi mwake, na hakujua.

"Mwambie la kush..." sauti ikaanza tumboni.

"Nyamaza, mama," akasema Chatu kwa heshima. "Aliye ndani hamsemei aliye nje. Ndiyo desturi."

"Basi niulizie tu kama amekula."

"Umekula?" akauliza Chatu.

"Sijala," akasema Bwanaheri. Na hilo ndilo jibu la pili alilowahi kulitoa kwa neno moja.

Jua likafika utosini. "Njoo kesho," akasema Chatu. "Kesho ndiyo ya mwisho. Na huyo punda mpitishe njia nyingine."

Bwanaheri hakurudi barazani kwake. Alivua kilemba, akakitia kwapani, akaenda nyumba kwa nyumba, anabisha hodi. Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo mtu huyu alipoanza kusoma. Ile miaka saba ilikuwa ya kujifunza herufi.

"Bi Mboja, goti la mama linalomuuma ni lipi?"

"La kushoto. Aliteleza kisimani mwaka juzi. Tulikuandikia barua, ukajibu kwamba barua yetu haina mpangilio."

Akaenda nyumba ya pili, kwa muuza unga. "Mama alipita hapa siku ile. Alivaa kanga gani?"

"Ya maua mekundu, pindo limechakaa. Hiyo hiyo ya siku zote. Nyingine alikushonea mto wa kuegemea unapoandika."

Akaenda nyumba ya tatu, kwa kikongwe aliyemzalisha Bi Kidawa. "Bibi, mama ana kovu mkononi. Ni la nini?"

Kikongwe akaweka ungo chini. "Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu, ila wewe umechelewa kuuliza. Ni mkono wa kulia. Siku ulipoondoka kwenda kusoma, alikusindikiza hadi njia panda, akarudi kukaanga maandazi maana watu walikuwa wanayangoja. Machozi yakamziba macho. Akatia mkono kwenye mafuta."

Bwanaheri akaketi pale pale kizingitini akalia. Alilia kwa sauti, bila vina wala mizani. Aliona aibu mpaka akatamani Chatu angemmeza yeye.

Siku ya tatu. Akaenda bila kitabu, bila punda, bila kilemba. Lakini hakuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa umejipanga kandokando ya njia, na mbele kabisa wamekaa wale wazee waliotaka kumpa watoto wao awafundishe adabu. Walikuja kusikia atakavyosema. Mzee Pandu alikuja na mbuzi wake, akiwa amemfunga.

Chatu akatoa kichwa. "Karibu. Chako kipi?"

"Mama yangu. Bi Kidawa."

"Utamjuaje?"

"Amejifunga kanga ya maua mekundu, pindo limechakaa. Goti la kushoto linamuuma. Mkono wa kulia ana kovu la mafuta, aliungua akinililia mimi."

Watu wakanong'ona. Waliyaelewa maneno yote, wakadhani wamesikia vibaya.

"Vizuri," akasema Chatu. "Alifikaje njiani kwangu?"

Bwanaheri akafungua mdomo. Akawaona wazee. Na ulimi ule, ambao usiku kucha ulikuwa mnyenyekevu, ukageuka.

"Ilisadifu," akasema, "kwamba palitokea haja ya tete."

"Haja ya nani?"

"Haja ya... elimu."

"Elimu ilikuja nyumbani kwenu ikamtuma?"

"Kadari ina njia zake, Babu Chatu, na binadamu ni..."

"Alitumwa?"

"Alitumwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani?"

Jua limebakisha upana wa kiganja kufika utosini. Mzee mmoja akanong'ona kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na mwenziwe akamwambia anyamaze asikie.

Ndipo sauti ikatoka tumboni, kali kuliko siku zile mbili. "Bwana Chatu! Hakunituma mtu! Nilikwenda mwenyewe! Nilitaka kunyoosha miguu!"

Chatu akageuza macho yake taratibu, akamkazia Bwanaheri. "Aliye ndani hamsemei aliye nje. Lakini nimesikia, na wewe umesikia, na mji umesikia. Ni jibu fupi, tena linaeleweka. Ukilisema wewe, litakuwa lako. Sema: alikwenda mwenyewe?"

Mlango ndio huo, umefunguliwa na mama yake. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Wazee wangerudi mjini wakisema, maskini, mama mwenyewe alipenda kutembea. Kitabu kingekwisha. Watoto wangeletwa. Na Chatu angemmeng'enya mama, kwa sababu Chatu alijua ukweli, na njia ya mwongo ni fupi, hasa ikiishia pangoni.

Bwanaheri akapiga magoti kwenye matope.

"Mama anasema uongo," akasema. "Nilimtuma mimi. Kalamu yangu ilivunjika. Aliniambia goti linamuuma, akaniomba aende alasiri. Nilimsikia. Sikumtazama. Nilikuwa naandika juu ya haki za mama."

Hata mbuzi wa Mzee Pandu aliacha kutafuna.

"Nimeelewa," akasema Chatu. Akakohoa.

Bi Kidawa akatoka. Amelowa, kitambaa cha kichwani kimekwenda upande, lakini mzima. Akajipangusa uso. Akamtazama mwanawe pale matopeni, akamwendea akichechemea, akanyanyua mkono wa kulia, akamzaba kofi moja.

"Hili la kuniita mwongo mbele za watu," akasema.

"Nisamehe, mama."

"La pili lilikuwa la kunituma. Nalo nimekusamehe, nimechoka." Akamshika shingoni. "Inama nikupande. Goti linaniuma."

Bwanaheri akainama, akambeba mama yake mgongoni, akapita naye katikati ya mji mzima, makubazi ya mama yake mkononi. Walipofika kwenye kona, machozi yakamjia, na maneno yakamjia pia, mengi, mazuri, yamejipanga yenyewe.

"Ewe mama," akaanza, "ewe uliye..."

"Nyamaza," akasema Bi Kidawa. "Tazama njia, kuna mawe."

Akanyamaza. Akatazama njia.

Kesho yake wazee wakakaa kujadili kama mtu aliyemtuma mama yake kwa Chatu anafaa kufundisha watoto adabu. Wakajadili asubuhi, wakajadili mchana. Mwishoni wakaona anafaa. Wengine wote waliowahi kuitaka kazi hiyo walikuwa wamesema hawajawahi kukosa, na hao ndio waliowatia hofu. Watoto wakapelekwa. Walikuta mwalimu wao yuko uani na mama yake, amekunja mikono ya kanzu, anakaanga maandazi, na mama amekaa. Mlango wa saba haukuandikwa zaidi ya pale kalamu ilipovunjikia.

Na Chatu je? Chatu alishinda na njaa. Ukweli haushibishi.

Hadithi imefika kituoni, aliyepanda ashuke, aliyelala aamshwe. Mafundisho yake ni haya, na nitayasema mara moja: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Na mtu fasaha ni yule anayeweza kusema "ni mimi" bila kupita njia ya mzunguko. Ukimwona mtu anazungusha maneno sana, achana na maneno, tazama kile anachokizunguka.

Mwenye shaka na aende chemchemini akamuulize Chatu mwenyewe. Mimi siendi. Nina wana wanne, na wote wamesoma.